Kabla ya kupanda Hanang na watoto, kipimo kianzie nyumbani

Mtoto wa Sepuka anayekwenda shule kwa miguu kilomita tatu asubuhi na kurudi kilomita tatu mchana hutembea kuliko watoto wengi wa Dar es Salaam. Baba yake analijua hilo. Ndiyo maana binamu wa mjini wanapotuma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wamesimama kwenye geti la Marangu na makoti mazito, baba hujibu bila kusita kwamba hata wanawe wanaweza.

Huenda wanaweza. Kinachobaki ni kujua mlima upi, mwezi gani, na nani katika familia aishie njiani. Hapo ndipo safari nyingi huharibika, kwa sababu mlima huchaguliwa kwa jina lake, kisha watu hulazimishwa kuufaa.

Kwa familia ya Wilaya ya Ikungi, mlima mkubwa ulio karibu si Kilimanjaro. Ni Hanang, ulioko mkoa jirani wa Manyara, juu ya mji wa Katesh. Barabara ya lami ya kutoka Singida kwenda Babati hupita chini yake. Kilele chake kina mita 3,417, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa mlima wa nne kwa urefu nchini, baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin. Anayeondoka Singida mjini alfajiri anakunywa chai Katesh. Ukaribu huo ni neema, lakini una hatari yake, maana mlima ulio jirani na nyumbani huonekana mdogo.

Chukulia familia moja ya mfano. Baba ana miaka 45, ananunua alizeti vijijini na kutwa yuko juu ya pikipiki. Mama ana miaka 39, na shambani, kisimani na gulioni kote anakwenda kwa miguu. Kijana wa kwanza ana miaka 15 na jioni hakosi uwanjani. Binti ana miaka 11, mtoto wa mwisho saba. Pamoja nao yupo mjomba wa miaka 36 kutoka Dar es Salaam, anayekwenda gym mara tatu kwa wiki, na ndiye aliyeleta wazo lenyewe.

Watu wa kijiweni wakiulizwa nani atafika kileleni kwanza, wengi watamtaja mjomba au kijana wa mpira. Mtu wa kuwekewa dau ni mama. Mlima hautaki nguvu ya ghafla. Unataka miguu iliyozoea kutembea saa nyingi bila haraka, na mtu anayejua kugawa pumzi yake. Kijana atakimbia saa ya kwanza na saa ya nne atakuwa amekaa chini. Mjomba ana kifua na mikono, lakini siku nzima ofisini amekaa kwenye kiti. Baba, aliyechunga ng'ombe hadi mbuga za Wembere alipokuwa kijana, ana kumbukumbu ya miguu aliyokuwa nayo zamani, na kumbukumbu haipandi mlima.

Pamoja na hayo, katika familia nyingi mama ndiye anayepangiwa kubaki Katesh na mizigo.

"Mama watoto, wewe utabaki na mdogo, sisi tutapanda," baba anasema.

"Sawa, baba watoto. Ila maji ya hawa wawili atayabeba nani?"

Swali hilo la maji lina uzito kuliko linavyosikika, na jibu lake linahitaji hesabu.

Siku ina saa 12 tu za mwanga

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland aliyeitwa William Naismith aliandika kanuni ambayo watembeaji wa milimani wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano za njia, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda juu. Kanuni hiyo ni ya mtu mzima mwenye afya, anayetembea bila kusimamasimama.

Katesh iko kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi kilele cha Hanang ni kama mita 1,700 nyingine za kupanda. Kwa kanuni ya Naismith, kupanda peke yake kunakula karibu saa tatu kabla umbali wa njia haujahesabiwa. Ukiongezwa umbali, mapumziko, chakula, mtoto anayevua kiatu kutoa kokoto na mwingine anayetaka kwenda porini kujisaidia, familia itahitaji saa saba au zaidi kufika juu. Kushuka kutataka saa nne au tano. Watu wazima wazoefu huutumia mlima huo saa 10 au zaidi kwenda na kurudi.

Sasa mwanga. Kwetu jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi na kuzama karibu saa 12 na nusu jioni, mwaka mzima. Familia inayoanza kupanda saa mbili asubuhi kwa sababu watoto walichelewa kuamka tayari imekwisha kupanga, bila kujua, kushuka gizani kwenye msitu wenye mizizi na utelezi. Nani atamshika mkono mtoto wa miaka saba saa mbili usiku?

Maji nayo: mtu mzima abebe lita tatu hadi nne, na asitegemee kukuta kisima njiani. Lita nne ni kilo nne. Mtoto wa miaka 11 hawezi kujibebea maji yake yote ya siku nzima, chakula na sweta, kwa hiyo sehemu itahamia kwenye begi la mtu mwingine. Mama aliuliza swali la maana. Jibu lake ni mpagazi wa kukodi Katesh, au safari fupi zaidi.

Kipimo ambacho hakina gharama

Watu wengi hupima uwezo wao kwa mdomo. Kipimo cha kweli kinafanyika Sepuka penyewe, wiki sita hadi nane kabla ya safari, na hakihitaji mashine wala kiingilio.

Jumamosi ya kwanza familia nzima itembee kilomita 10 pamoja, kwa viatu vilevile vitakavyovaliwa mlimani. Wiki zinazofuata umbali uongezwe hadi kilomita 15 au zaidi, watu wazima wakibeba kilo tano mgongoni na watoto kilo moja au mbili. Mwendo uwe ule ambao mtu anaweza kuongea sentensi nzima bila kukatisha kuvuta hewa. Anayejibu kwa neno mojamoja anakwenda kasi kuliko uwezo wake, hata kama anatabasamu.

Siku muhimu kuliko ile ya kutembea ni Jumapili yake. Nani ameamka akitembea kawaida, na nani anashuka kitandani kwa kushikilia ukuta? Nani ana malengelenge? Mtoto gani amelala mpaka saa nne na bado hana hamu ya uji? Majibu hayo yaandikwe. Mlima utachaguliwa kwa yule aliyechoka kuliko wote, na familia ikishindwa kukubaliana juu ya hilo, basi igawane makundi mawili mapema, kila kundi na mtu wake mzima.

Kuna jambo ambalo kutembea tambarare hakulifundishi, nalo ni kupanda na kushuka. Eneo la Singida lina vilima vingi vya mawe, na kimoja kinatosha. Kilima chenye kimo cha mita 50 kikipandwa na kushukwa mara 10 ni mita 500 za kupanda. Hiyo haijafika hata theluthi moja ya Hanang. Familia itakayofanya zoezi hilo asubuhi moja itaelewa ukubwa wa mlima kuliko kwa kutazama picha yoyote, na huenda wengine wakabadili mawazo hapohapo, jambo ambalo ni jema na halina aibu. (Wapo wanaoshawishika kufanyia mazoezi ya mteremko kwenye barabara ya Sekenke. Pale malori yanashuka na mizigo yakiwa yameshikilia breki. Si mahali pa kupita na watoto kwa miguu.)

Wazazi waangalie zaidi kushuka. Kupanda huchosha mapafu, lakini kushuka ndiko kunakoumiza magoti, kwa sababu kila hatua uzito wote unatua kwenye mguu mmoja ulioanza kutetemeka. Ajali nyingi za kuteguka kifundo hutokea wakati watu wanarudi, wameshapiga picha za kileleni, akili imeshafika hotelini. Babu mwenye maumivu ya magoti anaweza kupanda vizuri kabisa na kushindwa kushuka.

Hewa ya juu haijali mazoezi

Hapa ndipo mjomba wa gym anapopaswa kusikiliza. Kuanzia mwinuko wa kama mita 2,500, hewa inakuwa nyepesi kiasi cha kuwaletea baadhi ya watu maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi. Tatizo hilo halimchagui mtu dhaifu. Mwanariadha anaweza kuanguka wakati jirani yake mnene anaendelea polepole bila shida, na aliyepanda salama mwaka jana anaweza kuugua mwaka huu. Mtu mwenye nguvu hata huwa hatarini zaidi, kwa sababu anapanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea.

Singida mjini ni kama mita 1,500. Mtu wa Sepuka anayepanda Hanang na kushuka siku hiyohiyo anaweza kuumwa kichwa, na kwa kawaida kitatulia akishuka. Akilala juu, au akienda mlima mrefu zaidi, mambo ni mengine. Kanuni inayotumiwa na madaktari wa milimani ni kwamba kuanzia mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne iwepo siku ya kupumzika. Anayeanza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa ameketi, anashushwa mara moja, hata kama ni usiku. Dawa ya kwanza ni kushuka.

Mtoto mdogo hawezi kusema "naumwa kichwa kwa sababu ya mwinuko". Atanuna, atakataa karanga alizozipenda asubuhi, atalia bila sababu, atataka kulala. Mzazi asiyejua atamwita mtundu. Mtoto mkubwa naye ana tatizo lake: anaweza kujua kabisa kwamba anaumwa na akanyamaza ili asimwangushe baba mbele ya mjomba. Wote wawili waambiwe nyumbani, kabla ya safari na mbele ya kila mtu, kwamba atakayesema ameshindwa hatachekwa. Baba akilisema mwenyewe, litaaminika zaidi.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi wa Tanzania wanapaswa kulichukulia kwa uzito zaidi kuliko vitabu vya watalii vinavyosema. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Mtu mwenye ugonjwa huo hapaswi kupelekwa kwenye hewa nyepesi bila ushauri wa daktari wake, kwani upungufu wa oksijeni, baridi na ukosefu wa maji mwilini ni vitu vinavyoweza kuamsha maumivu makali. Hata yule ambaye si mgonjwa ila amebeba chembe moja tu ya urithi wa selimundu, na ambaye maisha yake yote hajawahi kuumwa, ameonekana mara chache kupata madhara ya bandama akiwa kwenye mwinuko mkubwa. Anayepata maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kushoto akiwa juu asipewe dawa ya tumbo na kuambiwa avumilie. Ashushwe na apelekwe hospitali.

Familia yenye historia ya selimundu kwa upande wowote ifanye kipimo cha damu kabla ya kupanga mlima mrefu. Wenye pumu wabebe dawa yao mfukoni, si kwenye begi la mpagazi aliye mbele. Wenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au ujauzito wamwone daktari kwanza, na wamtajie mwinuko kwa mita, siyo "mlima" tu.

Mlima mfupi unaoshinda mrefu kwa ugumu

Anayepanga kwa kuangalia urefu peke yake atadanganyika. Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, una mita 2,962, hivyo ni mfupi kuliko Hanang kwa mita zaidi ya 400. Lakini ni volkano hai, umelipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, mteremko wake ni mkali mno, majivu yanateleza chini ya kiatu, na watu huupanda usiku kukwepa jua kwa sababu hakuna kivuli. Si mlima wa watoto, na si mlima wa kwanza kwa mtu mzima yeyote.

Upande wa pili, Kilimanjaro wenye mita 5,895 una sehemu ambazo familia ya kawaida inaweza kutembea kwa siku moja. Kutoka geti la Marangu hadi kituo cha Mandara, chenye mita 2,720, ni njia pana ya msituni, na watu huenda na kurudi kabla ya jioni. Familia ya Sepuka yenye ndugu Moshi au Arusha inaweza kufanya safari hiyo na kusema kweli kabisa kwamba imetembea Kilimanjaro. Kufika kilele cha Uhuru ni jambo jingine: ni siku tano hadi nane kutegemea njia, oksijeni ya juu ni kama nusu ya ile ya pwani, na watoto chini ya miaka 10 hawaruhusiwi. Umri huo ni kiwango cha chini tu. Hausemi kwamba kila mwenye miaka 10 anafaa.

Na anayekwenda kileleni asinunue siku chache ili kuokoa fedha. Hapa ndipo watu wengi wenye afya njema hushindwa. Siku moja zaidi ya kuzoea hewa ina faida kuliko koti la bei kubwa.

Kati ya Hanang na Kilimanjaro upo Meru, mita 4,566, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Huchukua siku tatu au nne, na askari wa wanyamapori mwenye silaha hufuatana na wapandaji kwa sababu sehemu za chini zina nyati na tembo. Kijana wa miaka 15 aliyemaliza Hanang vizuri anaweza kuufikiria mwaka unaofuata, akiwa na mjomba wake, kama mjomba naye amemaliza Hanang vizuri.

Juni au Desemba?

Likizo ndefu ni mbili. Desemba ndugu wanarudi nyumbani, fedha kidogo ipo, watoto wote wapo. Lakini Desemba ni mvua. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imenyonya maji ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Waliokufa hawakuwa wapanda milima. Wengi walikuwa nyumbani kwao. Familia inayokwenda pale kutalii ikumbuke kwamba inapita kwenye mji wenye misiba ambayo bado ni mibichi, na watoto wafundishwe hivyo kabla hawajaanza kupiga picha.

Juni ni kavu, na ndiyo inayofaa. Ugumu wake kwa watu wa Sepuka ni kwamba mavuno yanaweza kuwa hayajaisha, na mwili uliotoka kupura mtama na kupiga alizeti wiki nzima unahitaji mapumziko siku tatu au nne kabla ya mlima. Baridi nayo ipo. Kwa makadirio, joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo kilele cha Hanang huwa na baridi kuliko Katesh kwa kama nyuzi 10, upepo ukiwa haujahesabiwa. Wanaojua upepo wa Singida wa Julai wataelewa.

Vifaa havihitaji duka la watalii. Mnadani na kwenye mitumba kuna viatu vizuri vyenye meno chini, makoti ya mvua na sweta za sufi. Kiatu kivaliwe wiki kadhaa kabla. Yeboyebo zibaki nyumbani. Kila mtu, pamoja na mtoto wa miaka saba, awe na tochi yake, kofia na sweta kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Chakula kiwe kile tumbo linachokijua: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi. Siku ya mlima si siku ya kujaribu biskuti za kigeni.

Mpango wa familia ya mfano

Hanang ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Wa kuulizwa kwanza ni ofisi yao, kuhusu hali ya njia, ada na waongozaji, na aulizwe kwa simu kabla ya kukodi gari. Mwongozaji wa Katesh anayeujua mlima hapaswi kuachwa ili kuokoa fedha, hata kama baba anasema njia inaonekana kutoka barabarani. Msituni njia hugawanyika, na ukingo wa juu una vilele vidogo vinavyomdanganya mtu kwamba amefika kumbe bado.

Kwa familia hii, baada ya wiki sita za mazoezi, mpango wa busara ungekuwa huu. Wote sita wanalala Katesh. Asubuhi wote wanaanza pamoja saa 12. Mtoto wa miaka saba na mtu mzima mmoja wanatembea saa mbili msituni, wanakula, wanarudi pamoja na mwongozaji wa pili. Binti wa miaka 11 anaendelea hadi kama mita 2,500, yaani mita 800 za kupanda, ambazo ni nyingi kwa umri wake, kisha anashuka na mtu mzima mwingine. Wanaolenga kileleni ni kijana na mtu mzima mmoja.

Mtu mzima wa kwanza katika orodha ya kileleni awe mama, kama anataka. Baba anayeshuka na mtoto mdogo hajapungukiwa kitu, na kama jirani atauliza, atajibu kwamba miguu ilipimwa.

Saa ya kugeuka ikubaliwe jioni ya kabla, na iandikwe: saa saba mchana, popote watakapokuwa, wanarudi. Iandikwe kwa sababu saa saba mchana, kilele kikionekana kipo pale, kila mtu atakuwa na sababu nzuri ya kuongeza nusu saa. Mwenye kauli ya mwisho awe mwongozaji. Asiwe mtu aliyelipia gari.

Safari ikiwa imeandaliwa na shule, kwaya au madrasa, mzazi aliyeletewa fomu ya kusaini ana haki ya kuuliza maswali machache kabla ya kushika kalamu. Watoto wangapi kwa mtu mzima mmoja? Nani anarudi na mtoto aliyechoka, na baada ya kurudi naye, nani anabaki na kundi? Gari linabaki chini siku nzima au linaondoka na kurudi jioni? Mwalimu gani anajua watoto wenye pumu na selimundu? Mwandalizi mwenye majibu atayatoa bila kukasirika. Anayejibu "usijali mzazi, tutakuwa na Mungu" arudishiwe fomu bila sahihi mpaka ajibu.

Na jioni ya kushuka, familia isirudi Sepuka usiku huohuo. Aliyetembea saa 12 hafai kushika usukani, wala kuendesha pikipiki akiwa na mtoto anayesinzia mgongoni. Gharama ya chumba cha pili Katesh iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kabla ya ada na kabla ya viatu, na asubuhi watu wanywe uji wa moto ndipo waianze barabara.